Niklas Luhmann (1927–1998): Msomi na Vikaratasi Vyake 90,000

Utangulizi

Mali bila daftari, walivyonena wahenga, hupotea bila habari. Methali hii huhusishwa zaidi na wafanyabiashara, lakini uzito wake humwelemea msomi vilevile. Mwanafunzi husoma vitabu vingi katika miaka yake ya chuo na kujaza madaftari kadhaa. Hata hivyo, aketipo kuandika tasnifu, hugundua kwamba mengi aliyoyasoma yamemponyoka. Kumbukumbu za masomo zipo, ila haijulikani ziko wapi. Na hata zikipatikana, hazijuani. Lililoandikwa mwaka wa kwanza kuhusu sarufi halijui kwamba lina ndugu yake katika lililoandikwa mwaka wa tatu kuhusu fasihi.

Miongoni mwa wataalamu wa karne ya 20 waliolikabili tatizo hili kwa dhati ni Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Kijerumani. Makala haya yanasimulia maisha yake yakizingatia hasa chombo alichokitumia kufikiri, yaani sanduku la vikaratasi ambalo kwa Kijerumani huitwa Zettelkasten. Yanadhihirisha kwamba nguvu ya sanduku hilo haikutokana na wingi wa vikaratasi, bali na mahusiano ambayo mwenyewe aliyajenga baina yavyo, kimoja baada ya kingine, kwa zaidi ya miaka 40.

Kuzaliwa na Ujana

Luhmann alizaliwa tarehe 8 Desemba 1927 mjini Lüneburg, kaskazini mwa Ujerumani. Babake alimiliki kiwanda cha bia, ilhali mamake alitoka katika familia ya wenye hoteli nchini Uswisi. Alikuwa na umri wa miaka 5 tu Hitler alipotwaa mamlaka mnamo Januari 1933. Kwa hivyo, utoto wake wote ulipita chini ya utawala wa Kinazi. Akiwa bado mwanafunzi wa shule ya upili, aliandikishwa katika kikosi cha vijana wasaidizi wa jeshi la anga, na mwaka wa 1945, akiwa na umri wa miaka 17, alitekwa na majeshi ya Marekani.

Tukio hili liliacha alama isiyofutika katika fikra zake. Kama vijana wengi wa rika lake, alitarajia kwamba utawala dhalimu ukishaanguka, mambo yangejinyoosha yenyewe. Kinyume chake, kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, jambo la kwanza lililomfika katika kifungo ni kunyang'anywa saa yake ya mkononi na kupigwa. Alitanabahi kwamba uovu na wema haugawanyiki kwa urahisi kati ya tawala mbili, na kwamba jamii haipati utaratibu kwa sababu tu watawala wamebadilika. Swali la jinsi utaratibu unavyowezekana katikati ya vurugu lilimwandama hadi kaburini.

Katika kulitafutia swali hilo jibu, Luhmann alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Freiburg kati ya 1946 na 1949. Sheria ilimvutia kwa kuwa ilionekana kuwa njia mojawapo ya kupanga mambo yaliyovurugika.

Afisa wa Serikali Mwenye Kiu ya Vitabu

Baada ya masomo, Luhmann hakuwa mhadhiri. Alifanya kazi katika mahakama ya masuala ya utawala mjini Lüneburg, kisha akahamia katika wizara ya elimu na utamaduni ya jimbo la Niedersachsen mjini Hannover. Mchana alishughulikia majalada ya serikali. Jioni alirudi nyumbani na kusoma. Alisoma falsafa ya Descartes na Husserl, ushairi wa Hölderlin, nadharia za wanaanthropolojia na maandishi ya wanasosholojia. Hakuwa na msimamizi, mtihani, wala shahada aliyokuwa akiiwania.

Msomaji wa namna hii hukumbwa na shida ya kuhifadhi. Mwanzoni Luhmann alichomeka vikaratasi ndani ya vitabu, lakini majalada ya vitabu yaliharibika. Akajaribu kuweka karatasi katika mafaili. Hayo nayo yalipoongezeka, ikawa vigumu kupata alichokitaka. Hatimaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliamua kuanzisha sanduku la vikaratasi. Ikumbukwe kwamba alikuwa kijana wa miaka 20 na ushei ambaye hakuwa na kitabu chochote cha kuandika. Alipanga kwa ajili ya maisha mazima, si kwa ajili ya kazi moja.

Muundo wa Sanduku

Vifaa vyake vilikuwa duni mno. Alitumia karatasi za kawaida zenye ukubwa wa milimita 105 kwa 148, si kadi ngumu, kwani kadi zingejaza droo upesi. Aliandika upande mmoja tu ili aweze kusoma bila kukitoa kikaratasi mahali pake. Mara nyingi alitumia upya karatasi ambazo upande wake wa pili ulikwisha kuandikwa, zikiwemo zile ambazo wanawe walikuwa wamezichora. Vyote vilipangwa wima katika droo za makabati ya mbao.

Ustadi ulikuwa katika namba. Wasomi wengi hupanga kumbukumbu zao kwa mada: huku sarufi, kule fasihi. Luhmann aliiona njia hiyo kuwa kifungo, kwa sababu wazo moja huweza kuwa la mada nyingi, na mada zinazopangwa leo huenda zisifae baada ya miaka 10. Badala yake, kila kikaratasi kilipewa namba isiyobadilika, na namba hiyo ilionyesha mahali tu, si maana. Kikaratasi namba 1 kilifuatwa na namba 2. Likizuka wazo la kuendeleza lile la kwanza, liliandikwa kwenye kikaratasi 1a na kuwekwa kati ya hivyo viwili. Nacho 1a kiliweza kuzaa 1a1, na 1a1 kikazaa 1a1a, bila kikomo. Hivyo sanduku lilikua kwa ndani, mfano wa mti unaochipuza matawi popote penye uhai.

Mfano wa Kiswahili utalifafanua jambo hili. Tuseme mwanafunzi ameandika kikaratasi 21 kuhusu ngeli, na 22 kuhusu vitenzi. Baadaye anabaini kwamba nomino kama kiboko na kipofu, ingawa zina umbo la KI-VI, huchukua upatanisho wa A-WA kwa kuwa zinataja viumbe wenye uhai. Hilo linakuwa 21a. Miezi mingi ikipita, anatambua kwamba katika hali ya udogo mambo hugeuka: mtoto analia, lakini kitoto kinalia. Hilo ni 21a1. Mwaka unaofuata anasoma kuhusu ngano na kuandika, katika kikaratasi 57, jinsi sungura na fisi wanavyopewa tabia za binadamu. Hapo anakumbuka kwamba sarufi nayo ina njia yake ya kumpa kiumbe hadhi au kumpokonya. Mwishoni mwa 57 anaandika 21a1, na mwishoni mwa 21a1 anaandika 57. Sasa vikaratasi hivi viwili vinajuana, na huenda hapo ndipo tasnifu itakapochipukia.

Kando na vikaratasi vyenyewe kulikuwa na sehemu ya marejeleo ya vitabu alivyovisoma, pamoja na faharasa ya maneno muhimu. Faharasa hiyo ina jambo la kushangaza. Mbele ya kila neno Luhmann aliorodhesha namba chache tu, wakati mwingine moja. Hakukusudia kuonyesha kila mahali neno lilipotokea. Faharasa ilikuwa mlango. Mtu akishaingia, viungo baina ya vikaratasi ndivyo vilivyomwongoza kutoka chumba hadi chumba. Aidha, Luhmann hakunakili vifungu virefu vya vitabu. Alisoma akiwa na kikaratasi cha kudondoa kurasa muhimu, kisha akaandika wazo upya kwa maneno yake mwenyewe, akijiuliza linahusiana vipi na yale ambayo tayari yamo sandukuni.

Kuingia Chuoni na Ahadi ya Miaka 30

Mwaka wa 1960 Luhmann alimwoa Ursula von Walter, na katika mwaka wa masomo wa 1960/61 alipata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alikokutana na mwanasosholojia maarufu Talcott Parsons. Safari hii ilipanua upeo wake. Sanduku lake la kwanza, lenye vikaratasi takriban 23,000, lilikuwa limeelemea masuala ya dola, sheria na utawala. Aliporejea, aliona kwamba maswali yake yamekuwa makubwa kuliko mpangilio huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianza sanduku la pili, ambalo lilifikia vikaratasi takriban 67,000. Hata hivyo, hakulitupa lile la kwanza. Aliendelea kulirejelea kila ilipobidi.

Mnamo 1962 aliacha wizara na kujiunga na chuo cha sayansi za utawala mjini Speyer. Mwaka wa 1965 mwanasosholojia Helmut Schelsky alimwita katika kituo cha utafiti wa kijamii mjini Dortmund. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Münster kilimtunukia shahada ya uzamifu na pia idhini ya kufundisha kama profesa. Hatua hizi mbili huwagharimu wasomi wa Ujerumani miaka mingi, lakini yeye alizitimiza katika mwaka mmoja, tena kwa vitabu alivyokuwa ameshaviandika. Mwaka wa 1968 aliteuliwa kuwa profesa wa kwanza wa Chuo Kikuu kipya cha Bielefeld.

Alipotakiwa kutaja mradi wake wa utafiti, Luhmann alieleza kwamba mada ni nadharia ya jamii, muda ni miaka 30, na gharama hakuna. Jibu hili limesimuliwa mara nyingi kama mzaha. Kwa hakika halikuwa mzaha. Alikuwa na umri wa miaka 40 na ushei, na miaka 30 ilikuwa sehemu yote ya uhai ambayo angeweza kuitumainia. Aliweka rehani maisha yake kwa kazi moja, na nyenzo yake kubwa ilikuwa makabati ya vikaratasi ambavyo wakati huo havikujulikana na wengi.

Miaka ya Bielefeld

Jina la Luhmann lilivuma mwaka wa 1971, alipochapisha pamoja na mwanafalsafa Jürgen Habermas kitabu cha mjadala kuhusu nadharia ya jamii. Habermas alimshutumu kwa kutetea hali ilivyo. Luhmann kwa upande wake alishikilia kwamba kazi ya mwanasosholojia si kuionya jamii bali kuieleza. Kwa mujibu wa nadharia yake, jamii haijengwi na watu bali na mawasiliano: tamko moja huibua jingine, nalo jingine, na mfumo huendelea maadamu viungo havijakatika. Si vigumu kuona kwamba nadharia hii na sanduku lake vina sura moja. Katika vyote viwili, kisichounganishwa hufa.

Mwaka wa 1977 mkewe Ursula aliaga dunia. Luhmann alibaki na watoto watatu katika nyumba yao mjini Oerlinghausen karibu na Bielefeld, na hakuoa tena. Malezi na ufundishaji vilikwenda sambamba na sanduku. Makumi ya vitabu na mamia ya makala vilitoka mikononi mwake, vikihusu sheria, dini, elimu, sanaa, uchumi, siasa na hata mapenzi. Mnamo 1984 alichapisha Soziale Systeme, kitabu kilichoweka msingi wa nadharia yake yote.

Walimwengu walitaka kujua siri. Katika makala aliyoichapisha mwaka wa 1981 alieleza kwamba sanduku lake si ghala bali ni mshirika wa mazungumzo. Ghala humrudishia mtu kile kile alichokiweka. Mshirika humshangaza, kwa sababu viungo vilivyojengwa kwa miaka mingi huleta pamoja mawazo ambayo mwandishi hakukusudia yakutane. Hata hivyo, alijua kwamba maelezo hayatoshi. Katika kikaratasi kimojawapo aliandika kuhusu wageni waliokuja kulitazama sanduku: waliona kila kitu, wala hapakuwa na kingine cha kuona, wakaondoka wamevunjika moyo. Walitarajia mashine ya ajabu, wakakuta karatasi.

Alistaafu mwaka wa 1993, na mwaka wa 1997 kikatoka Die Gesellschaft der Gesellschaft, kitabu cha mabuku mawili chenye kurasa zaidi ya 1,000. Hiyo ndiyo nadharia ya jamii aliyoiahidi takriban miaka 30 kabla. Deni lilikuwa limelipwa, na kwa wakati. Tarehe 6 Novemba 1998 Luhmann alifariki Oerlinghausen, akiwa na umri wa miaka 70.

Sanduku Baada ya Mwenyewe

Kifo chake kilizua swali: je, mshirika wa mazungumzo aweza kuzungumza na mtu mwingine? Baada ya mvutano wa kisheria kuhusu urithi, Chuo Kikuu cha Bielefeld kilinunua hazina hiyo mwaka wa 2011. Mwaka wa 2015 ulianzishwa mradi wa kuvichanganua vikaratasi vyote na kuvihifadhi kwa njia ya tarakilishi, mradi uliopangiwa kuendelea hadi 2030, na tangu 2019 sehemu kubwa imewekwa wazi mtandaoni. Kazi ni ngumu. Mwandiko ni wa haraka, maelezo ni mafupi, na viungo ni maelfu kwa maelfu. Sanduku la Luhmann lilijengwa kwa ajili ya kichwa kimoja. Watafiti wanaoliingia leo ni kama wageni katika mji wasioujua vichochoro vyake.

Upande wa pili, mbinu yake imepata maisha mapya. Mwaka ule ule wa 1969 masomo yalipoanza Bielefeld, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakianza kuunda mfumo wa Unix katika maabara ya Bell nchini Marekani. Mfumo huo ulitukuza vitu viwili: faili za maandishi matupu, yaani herufi pasi na mapambo, na amri fupi zinazochapwa kwa maneno. Mwaka wa 1973 Thompson aliongeza amri ya grep, ambayo hupekua faili na kuonyesha kila mstari wenye neno linalotafutwa. Luhmann hakulihamishia sanduku lake kwenye tarakilishi. Lilibaki la karatasi hadi mwisho. Lakini wasomi waliomfuata wameona kwamba vifaa hivi sahili vinalingana na vyake.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kila wazo huandikwa katika faili yake, na namba ndiyo jina la faili. Mkwaju ambao Luhmann aliutumia katika baadhi ya namba zake hauruhusiwi katika jina la faili, hivyo hubadilishwa kwa kistari. Kiungo ni namba ya faili nyingine iliyoandikwa ndani ya matini. Mtu akitaka kujua ni vikaratasi vipi vinavyokirejelea 21a, huiagiza grep pamoja na alama ya -l ili iorodheshe majina ya faili tu, na alama ya -w ili 21a isichanganywe na 21a1. Luhmann alilazimika kuandika rejeleo la kwenda na la kurudi kwa mkono. Hapa lile la kurudi hupatikana mara moja. Zaidi ya hayo, maandishi matupu husomwa na takriban kila tarakilishi, hata programu iliyotumika kuyaandika ikishasahaulika.

Ipo hatari moja, nayo ndiyo inayofaa kuzingatiwa zaidi na wanafunzi. Amri hutafuta neno, haitafuti wazo. Mtu akiitafuta ngeli, hataletewa sungura wa ngano, kwa kuwa kikaratasi 57 hakina neno hilo. Ni mwandishi peke yake awezaye kuona undugu wa mawazo mawili yasiyoshiriki hata neno moja, na asipouandika siku anapouona, hakuna chombo kitakachouandika kwa niaba yake. Hii ndiyo sababu faharasa ya Luhmann ilikuwa na namba chache. Alitegemea viungo, hakutegemea utafutaji.

Hitimisho

Maisha ya Luhmann yanapinga dhana mbili zilizozoeleka vyuoni. Ya kwanza ni kwamba utafiti huanza mada inapoidhinishwa. Yeye alianza pasi na mada wala msimamizi, na alipopata uprofesa alikuwa na maelfu ya mawazo yaliyokwisha kuunganishwa. Ya pili ni kwamba utafiti hukwama kwa kukosa vifaa. Yeye alitumia karatasi zilizotumika upande mmoja.

Kijana aliyetekwa mwaka wa 1945 alitaka kujua jinsi utaratibu unavyotokea mahali pasipo na utaratibu. Sanduku lake ni sehemu ya jibu. Halikuwa na mpango uliochorwa mapema. Lilikuwa na namba, viungo, na mtu aliyekubali kuongeza vikaratasi vichache kila siku kwa zaidi ya miaka 40. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kuanza hahitaji zaidi ya hayo. Anachohitaji ni kwamba, kila anapoandika jambo, ajiulize ni jambo gani jingine linalopaswa kulijua, kisha aiandike namba yake.